Urithi wa Mali Isiyoshikika

Msomaji kijana, huenda ukastaajabu kuona insha ya historia ikianza kwa habari ya mchezo. Nakuomba uwe na subira kidogo, kwa maana mchezo huu ulinifundisha jambo juu ya mababu zetu ambalo sikulipata katika vitabu nilivyosoma chuoni.

Miaka minne iliyopita dada yangu alinijia katika chuo cha ualimu ninapofundisha, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru. Alikuwa ameshika simu iliyopasuka kioo. Ilikuwa simu ya mwanawe wa kwanza, ambaye tulikuwa tumemzika majuma sita nyuma, akiwa na umri wa miaka 19. Kijana yule alikuwa akicheza mchezo wa kandanda katika simu kwa muda wa miaka mitano. Kila msimu wa kuchuma kahawa alifanya kibarua, na sehemu ya ujira wake aliituma kwa kampuni yenye mchezo ule, iliyo ng'ambo, akanunua wachezaji wa kuiongezea timu yake nguvu. Wenzake walisema kwamba timu ile haikuwa na mfano katika kata yetu. Mmoja wao alikuwa tayari kutoa shilingi 15,000 apewe akaunti pamoja na neno lake la siri.

"Mwalimu," dada aliniambia, "deni la hospitali halijaisha. Kitu hiki ni chetu tukiuze, au si chetu? Na huyu mdogo wake analia, hataki kiuzwe."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aniachie simu ile, nikaahidi kuuliza. Nitakueleza baadaye nilivyouliza, nawe utanihukumu upendavyo. Lakini usiku ule, nikiwa nimekaa mezani na simu mbele yangu, nilianza kujiuliza swali la mwalimu wa historia: je, ni kweli kwamba sisi ndio watu wa kwanza katika nchi hii kufa na kuacha mali isiyoweza kushikwa kwa mkono?

Ukimwuliza mtu wa Meru au wa Embu mali ni nini, atakuonyesha shamba, ng'ombe, mikahawa, michai au miraa. Vyote hivyo huonekana. Walakini zamani, kabla Waingereza hawajaishinda Embu mwaka 1906 na kuweka kituo chao Meru mwaka 1908, sehemu kubwa ya utajiri wa mzee haikuonekana nyumbani kwake hata kidogo. Mzee mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliogopa maradhi ya mifugo, aliogopa wavamizi, na tena alijua kwamba malisho ya mahali pamoja hayatoshi. Kwa hiyo aliwagawa kwa rafiki na jamaa, huyu wawili, yule watatu, wengine wakipelekwa mbali katika nchi ya joto ya chini. Mtunzaji alikunywa maziwa na kupata fungu lake kama walivyopatana. Ng'ombe na uzao wake wakabaki kuwa wa mwenyewe. Mgeni aliyepita nyumbani kwa mzee wa namna hiyo angeweza kumdhania maskini.

Sasa fikiri, msomaji, mzee huyo anapokufa. Tuseme bomani mwake wamo ng'ombe watatu, na kumi na wawili wako katika maboma ya watu wengine, ng'ambo ya mito na vilima. Hakuna karatasi, hakuna hesabu iliyoandikwa. Ni nini kinachomzuia mtunzaji kusema, "Huyu ni wangu tangu zamani"?

Kilichomzuia ni mashahidi. Ng'ombe hakutolewa gizani. Alitolewa mbele ya watu, na watu wale walikumbuka rangi yake, pembe zake, mama yake na siku aliyotolewa. Mzee alipoona siku zake zinakwisha, aliwaita wanawe na wazee wenzake akawatajia mali yake moja moja: nani anamtunzia nini, nani anamdai, naye anamdai nani. Neno la mwisho la mzee liliogopwa sana, kwa kuwa iliaminika kwamba atakayelivunja atapatwa na laana. Ugomvi ukizuka, ulipelekwa kwa wazee wa ukoo, na katika Meru ukiwa mkubwa uliweza kufika kwa baraza la Njuri Ncheke. Deni nalo halikuzikwa pamoja na mdeni. Mahari isiyokamilishwa na babu iliweza kudaiwa kwa mjukuu, na mjukuu asione ajabu.

Waswahili wa pwani husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu hawakuwa na daftari la karatasi, ila walikuwa na vichwa vya watu, na mtu aliyetaka kufuta ukurasa mmoja wa daftari hilo ilimpasa anyamazishe kijiji kizima.

Nikuletee mfano mwingine, ulio karibu zaidi na ile simu ya mpwa wangu. Katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, ufugaji wa nyuki ni kazi ya tangu kale. Mzinga ni gogo lililochongwa likatobolewa ndani, nao hutundikwa juu ya mti. Lakini mti ule haukuwa lazima uwe wa mwenye mzinga. Mtu aliweza kutundika mzinga wake katika mti uliosimama katika ardhi ya ukoo mwingine, kwa ruhusa na kwa desturi, na mzinga ukatiwa alama ili ujulikane ni wa nani. Mwenyewe akifa, mzinga uliwaendea watu wake. Mti haukuwaendea.

Na mfano wa tatu ni wa mtu asiye na ardhi ya kutosha, aliyekwenda kwa mwenye ardhi akaomba mahali pa kulima. Jirani zetu Wakikuyu humwita mtu huyo muhoi, na desturi ya namna hiyo ilijulikana pande zote za mlima. Aliruhusiwa kulima, kuvuna, hata kujenga. Aliyavuna mazao yake mwenyewe, lakini ardhi haikuwa yake, wala hakuweza kuiuza au kumpa mtu. Akifa, wanawe waliendelea kukaa ikiwa mwenye ardhi aliridhika nao, asiporidhika, walihama. Uyashike mambo haya mawili, la mzinga na la shamba la kuombwa, maana tutayarudia.

Daftari la vichwa vya watu lilibadilishwa na daftari la serikali wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka vishamba vilivyotawanyika vikusanywe pamoja, vipimwe, na kila mmoja apewe hati yake. Kazi hiyo ilifika Embu na Meru katika miaka ya mwisho ya 1950 na kuendelea baada ya uhuru, na katika sehemu nyingine za Mbeere, Tigania na Igembe ilichukua miaka mingi sana. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ikasema kwamba yule ambaye jina lake limeandikwa katika rejista ndiye mwenye shamba.

Jambo hili lilikuwa na manufaa, sitalikanusha. Mkulima aliweza kupeleka hati yake benki akapata mkopo. Lakini karatasi ina tabia moja ambayo shahidi hana: karatasi haijui kwamba mtu amekufa. Jina la babu hubaki katika rejista miaka 40, miaka 50, naye ameoza zamani, huku wajukuu wakilima na kugombana juu ya mpaka. Nenda siku yoyote ya kazi katika mahakama ya Meru au ya Embu, utazame orodha ya kesi zilizobandikwa, uhesabu ni ngapi zinazohusu mali ya marehemu. Nilipata kuwapeleka wanachuo wangu huko, na mmoja wao akanong'ona kwamba waliokufa wana kesi nyingi kuliko walio hai.

Ili kuweka utaratibu mmoja kwa watu wote, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Urithi mwaka 1972, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Katika wilaya kadhaa za wafugaji, kama vile jirani zetu wa Isiolo, ardhi ya kilimo na mifugo viliachwa chini ya desturi. Meru na Embu hazikuachwa. Sheria hii ilimhesabu binti kuwa mtoto sawasawa na kaka yake, jambo ambalo wazee wengi hawakulipenda na wengine hawalipendi hata leo. Ilikubali pia wosia wa mdomo, mradi utolewe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenye kuutoa afe kabla ya miezi mitatu kupita. Ukiutazama vizuri utaona ni yule mzee wetu wa kale, amelala kitandani akitaja ng'ombe zake, ila sasa serikali imempimia muda wa kufa.

Basi mwezi wa Machi 2007 ikaja M-Pesa, na fedha zikaingia katika simu. Tangu siku hiyo mama anayeuza ndizi sokoni Nkubu, na kijana wa bodaboda wa Runyenjes, wote wakawa na mali isiyoonekana, iliyofungwa kwa tarakimu nne za siri. Mtu akifa, mara nyingi mtoto wake huzijua tarakimu zile, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsomea mama yake ujumbe. Huzitoa fedha usiku uleule, na pengine hununulia sanda. Hakuna mtu kijijini atakayemwita mwizi. Hata hivyo sheria niliyoitaja, katika kifungu chake cha 45, humkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria au hati ya usimamizi wa mirathi, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Nimewaambia wanachuo wangu jambo hili mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka naona nyuso mbili tatu zikiinama.

Na zile fedha zisizotolewa na mtu yeyote? Za mtu ambaye jamaa zake hawakujua kabisa kwamba anazo? Mwaka 2011 ilitungwa sheria juu ya mali za kifedha zisizodaiwa, na ikaundwa mamlaka ya kuzipokea kutoka kwa mabenki, kampuni za bima, kampuni za simu na wengineo, ili warithi waweze kuzidai. Vyama vya ushirika, ambavyo wakulima wa kahawa wa Embu na Meru wamevizoea tangu zamani, vilikwisha kupata dawa yao wenyewe: mwanachama huandika jina la atakayepokea haki yake akifa. Ni mstari mmoja tu katika fomu. Nawajua watu walioujaza wakiwa vijana, wakaoa, wakazaa, wasiubadilishe kamwe.

Sasa turudi kwa simu iliyopasuka.

Nilitafuta mkataba wa mchezo ule, yale maneno mengi ambayo kila mchezaji hubonyeza kuyakubali bila kuyasoma. Nami nakiri kwamba nimebonyeza hivyo mara nyingi. Nilisoma jioni mbili. Mkataba ulisema kwamba mchezaji hanunui kitu. Anapewa ruhusa tu ya kukitumia, na ruhusa hiyo haiuzwi, haitolewi zawadi, wala haihamishwi kwa mtu mwingine. Wachezaji wale aliowanunua kwa ujira wa kahawa hawakupata kuwa wake hata siku moja.

Kisha nikafungua Sheria ya Urithi. Inasema kwamba kinachorithiwa ni ile mali ambayo marehemu alikuwa na uwezo wa kisheria wa kuitoa apendavyo wakati wa uhai wake, na ambayo haki yake juu yake haikukoma kwa kufa kwake. Lipime neno hilo, msomaji. Kama kijana hakuweza kumpa mtu akaunti yake alipokuwa hai, mama yake atairithije alipokufa? Mpwa wangu alidhani anatundika mzinga katika mti wa mwingine, kumbe alikuwa amelima shamba la kuombwa. Tofauti ni kwamba yule mwombaji wa kale alimjua mwenye ardhi, alikunywa naye pombe, na wanawe waliweza kwenda kumwangukia.

Usidhani kwamba shida hii ni ya watu wa Meru peke yao. Mwaka 2004 askari kijana wa Kimarekani, Justin Ellsworth, aliuawa vitani Iraq. Baba yake akaomba barua za mwanawe zilizokuwa katika mtandao wa Yahoo, kampuni ikakataa, ikashika ahadi yake ya kutunza siri, hata mahakama ya Michigan ilipotoa amri mwaka 2005. Huko Ujerumani wazazi wa binti aliyefariki mjini Berlin mwaka 2012 walipigania miaka mingi kufunguliwa akaunti yake ya Facebook, ili wapate kujua mauti yalimfikaje. Tarehe 12 Julai 2018 mahakama kuu ya nchi ile ikaamua kwamba mkataba wa akaunti huwaendea warithi, kama vile barua na shajara za karatasi zinavyowaendea. Katika michezo, walakini, milango bado ni mizito. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve, lilimjibu mteja mmoja mwaka 2024 kwamba akaunti haiwezi kuhamishwa kwa wosia.

Kampuni nyingine zimeanza kumwuliza mtu angali hai. Google ilifanya hivyo mwaka 2013, Facebook mwaka 2015, Apple mwaka 2021. Kila moja imempa mwenye akaunti nafasi ya kutaja jina la mtu wa kumwachia kitu fulani. Ukitazama utaona ni kama ule mstari wa fomu ya ushirika.

Kisa kimoja nakipenda kuliko vyote, nacho ni cha Norway. Mats Steen alizaliwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli, akafa mwezi wa Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Miaka yake ya mwisho aliitumia mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft, ambamo jina lake lilikuwa Ibelin. Wazazi wake walihuzunika wakidhani kwamba mtoto wao ameishi bila rafiki. Lakini alikuwa ameacha neno la siri la ukurasa alimokuwa akiandika, na baba yake akaandika humo habari ya msiba. Barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali, za watu ambao Mats alikuwa amewafariji, amewashauri, amecheka nao. Wengine walisafiri wakaja kumzika. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2024. Angalia basi: wazazi wale hawakurithi silaha wala mavazi ya Ibelin, bali walipata mashahidi.

Niliahidi kukueleza nilivyouliza. Nilidhani kwamba njia ya haki ndiyo njia ya wazi, kwa hiyo niliiandikia ile kampuni barua ya heshima, nikaeleza kwamba kijana amefariki, nikaambatisha nakala ya cheti cha kifo, nikauliza kama mdogo wake aweza kuendelea na timu ile. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Walitupa pole. Walisema akaunti haihamishwi. Wakasema pia kwamba, kwa kuwa sasa wamejulishwa kifo cha mwenyewe, wameifunga.

Dada hakunilaumu, alisema shilingi 15,000 zisingemaliza deni. Lakini yule mdogo, aliyekuwa darasa la saba wakati ule, alinitazama kwa muda mrefu. "Mjomba," akaniuliza, "kwa nini uliwaambia?"

Nilimjibu kwamba sheria ni sheria. Hakuridhika, na kwa kweli mimi pia sikuridhika. Siku chache baadaye nilimwomba aketi nami, anitajie wachezaji wote wa timu ya kaka yake, mmoja mmoja, na msimu aliowanunua. Aliwakumbuka wote, ishirini na watatu, na ujira wa kahawa uliomleta kila mmoja. Tuliwaandika katika daftari la kurasa 96, na chini yake tukaandika majina ya vijana sita waliocheza naye, pamoja na kijiji cha kila mmoja. Daftari hilo liko kwa dada, ndani ya kasha la bati, pamoja na hati ya shamba ambayo ingali na jina la baba yetu.